Jenereta Nyuma ya Kiti Changu

Watu waliokuwa wakinisukuma kupanda mlima wa kutoka Murongo walikuwa na tabia moja: walizungumza juu ya kichwa changu kana kwamba nilikuwa gunia la buni. Mtu tukikutana naye njiani angeuliza, "Unampeleka wapi huyu?" Msukumaji angejibu, "Nampeleka kwao." Kisha wangesimama kuulizana habari za mvua, za kahawa, za mgonjwa wa nani. Mimi nilikaa pale katikati yao, mikono juu ya pedeli, nikisubiri wamalize ili niendelee na safari ambayo ilikuwa yangu.

Miguu yangu ilikufa nikiwa na miaka minne, baada ya homa ya siku chache. Jirani walisema nimerogwa, zahanati wakasema polio. Baba hakubishana na upande wowote. Alinifunga kwa khanga kwenye keria ya baiskeli yake akanipeleka shule mpaka nikamaliza darasa la saba, halafu akaninunulia cherehani ya mkono, kwa sababu ile ya kukanyaga isingenifaa. Alipofariki, nyumba na kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, vilibaki kwa kaka yangu na mke wake, nami nikabaki nao. Miaka michache baadaye, usharika wetu wa Kilutheri ulinipatia baiskeli ya miguu mitatu, ile ya kupiga pedeli kwa mikono. Hapo nilikuwa nimeshafika umri ambao wenzangu wana watoto watatu au wanne.

Wakati huo Kyerwa ilikuwa bado ni sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Kijiji chetu kiko juu, Murongo iko chini karibu na mto, kwenye mpaka. Nilikuwa nashona sare za shule na magomesi, yale magauni marefu ya sherehe ya akina mama wa Uganda, na wateja wangu wengi walikuwa gulioni Murongo, wa upande huu na wa ng'ambo Uganda. Kushuka sikuhitaji mtu, ilikuwa kushika breki tu na kuomba Mungu. Kurudi ndiyo ilikuwa kazi. Ule mlima mikono ya mtu haiuwezi. Kwa hiyo kila siku ya gulio nilisubiri apatikane mwanamume anayekwenda juu, asiye na mzigo, na mwenye moyo wa kusaidia. Nilirudi saa aliyotaka yeye, nikapita njia aliyotaka yeye.

Siku moja walinichukua vijana wawili wa jirani. Nilikuwa na magomesi manne ya watu wa harusi, niliyokuwa nimeyachukua kutoka kwa wateja ili kuyarekebisha nyumbani. Katikati ya mlima kuna nyumba iliyokuwa na sherehe ya mahari. Vijana wakasikia ngoma. Wakachukua jiwe wakaliweka nyuma ya gurudumu.

"Dada, tunakuja sasa hivi," mmoja akasema.

Mvua ikaja kabla yao. Niliyakumbatia yale magomesi kifuani, nikayafunika kwa mwili wangu, lakini mvua ya huku haikuulizi umefunika nini. Rangi ya hariri ikaanza kutoka. Nyekundu ikaingia kwenye njano, kijani ikanishuka mapajani. Watu walipita wakikimbia, wamejifunika majani ya migomba, wakanipa pole. Bibi mmoja alisimama, akakata jani akaniwekea kichwani, akaniambia hana nguvu ya kunisukuma. Nilimshukuru, na namshukuru hadi leo. Vijana walirudi jua likiwa limeshaegemea, wananuka rubisi, ile pombe ya ndizi, wanaimba.

Nilipofika nyumbani nilimweleza kaka. Alikuwa anakula. Hakuacha kula.

"Wamekusaidia bure, sasa unalalamika nini?" alisema. "Ukitaka raha, kaa nyumbani. Nani amekutuma Murongo?"

Wifi yangu alinitazama kwa huruma, akamwongezea kaka mchuzi. Nilikwenda chumbani, nikaanika yale magomesi yaliyoharibika mahali ambapo ningeyaona nikiamka. Sikulia. Nilikuwa na hasira, na ilikuwa hasira nzuri, ya kufanyia kazi.

Mahali nilipotandaza nguo zangu gulioni palikuwa mbele ya kibanda cha fundi redio. Alikuwa mtu wa makamo, wazazi wake walikimbia kutoka Rwanda akiwa mtoto, na Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kinyarwanda cha mama yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na drili ya umeme aliyoipata ng'ambo, akiitunza kama yai ingawa Murongo haikuwa na umeme. Alipotaka kuitumia alivuta waya kutoka kwa jenereta la baa ya jirani.

Wiki ile baada ya mvua, nilimwona anatoboa kipande cha chuma. Msumari wa drili ukanasa ndani ya chuma. Drili yenyewe ikazunguka, ikamsokota mkono hadi akapiga kelele na kuiachia. Ilianguka chini ikaendelea kujiviringisha vumbini kama nyoka aliyekanyagwa, mpaka alipochomoa waya.

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

"Fundi," nikamwita. "Kitu hicho kimesokota mkono wa mwanamume. Hakiwezi kuzungusha gurudumu langu?"

Alicheka kwanza, huku akikanda kifundo cha mkono. Halafu akaacha kucheka. Akaja akachuchumaa nyuma ya baiskeli yangu, akashika tairi, akalizungusha kidogo.

"Kuzungusha kinaweza," alisema. "Umeme utautoa wapi mlimani, dada?"

"Nikipata jenereta?"

"La baa halibebeki."

"Nimekuuliza, nikipata dogo?"

"Ukipata dogo, njoo."

Nilimuuliza kwa nini asifunge injini yenyewe kwenye gurudumu, kama pikipiki. Akanieleza kwamba injini inataka klachi na gia, na vitu hivyo hana, na hata akivipata, pikipiki huongozwa kwa miguu. Drili ina gia zake ndani, na umeme unazimwa kwa kidole. "Vidole unavyo," akasema. Nilimpenda kwa hilo. Hakuanza kuhesabu nisivyokuwa navyo.

Jenereta dogo nilijua lilipo. Usharika ulikuwa na moja la kubebwa kwa mkono mmoja, la petroli iliyochanganywa na oili, lililokuwa likiendesha kipaza sauti siku za mikutano ya injili. Mwaka ule walipata kubwa zaidi, na ikatangazwa kwamba lile dogo litapigwa mnada baada ya ibada, pamoja na sadaka za mazao kama kawaida. Jumapili hiyo tulikaa nje ya kanisa, ikauzwa mikungu ya ndizi, wakauzwa kuku, likauzwa boga moja kubwa ambalo watu walilizungusha kwa utani hadi likapata bei ya mbuzi. Kisha mzee wa kanisa akaliinua jenereta.

Mwenye duka la rubisi alilitaka kwa ajili ya muziki. Akataja fedha, mwingine akaongeza, yeye akaongeza tena. Mimi fedha za namna ile sikuwa nazo. Nikanyoosha mkono.

"Majoho ya kwaya," nikasema. "Yote. Kitambaa changu, uzi wangu, na kushona."

Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu, akanishika bega. "Unatuaibisha," alininong'oneza. Nikalitikisa bega hadi akaachia.

Mchungaji akasogea. "Binti yangu, unajua kwaya yetu ina watu wangapi?"

"Nawajua, Mchungaji. Mimi ndiye ninayewapima, na kila mwaka wanazidi kunenepa."

Watu wakaangua kicheko, kwaya wenyewe wakiongoza. Nikangoja wanyamaze, kwa sababu sikutaka lile jambo limalizikie kwenye kicheko.

"Nimewashonea mara mbili bure," nikasema, "na nilishona kwa furaha. Mara hii nataka jenereta."

Mwenye duka la rubisi alitazama upande wa mchungaji, akaona jinsi mambo yalivyokwenda, akainua mikono. Nikapewa jenereta, nikalipakata mapajani, na petroli ikanimwagikia kwenye gauni la Jumapili. Majoho yalinichukua miezi mitatu. Nilipiga ile cherehani hadi mkono wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto.

Kazi ya kufunga haikuwa ya siku moja. Fundi aliliweka jenereta nyuma ya kiti changu, juu ya vipande vya tairi kuukuu ili lisinitetemeshe meno, na akalivika bomba la kutolea moshi pembeni. Ile drili yake mwenyewe aliifunga kwenye mpini wa chuma uliokuwa na bawaba. Mbele ya drili akachomeka kigurudumu cha mti, kikubwa kama kikombe cha chai, alichokivalisha ukanda wa mpira. Nikishusha mpini kwa mkono wa kushoto, kile kigurudumu kinabana tairi la nyuma na kulisukuma. Mkono wa kulia unaongoza na kupiga pedeli. Karibu na nyonga yangu akapigilia swichi ya taa, swichi ya kawaida ya ukutani, nyeupe, kama za nyumba za misheni.

Mara ya kwanza mpira uliteleza, ukanuka, ukaisha. Mara ya pili ulikamata vizuri mno, ukala tairi. Mara ya tatu fundi alichonga mifereji kwenye mpira na kunifundisha nibane pole pole, na kila mara nisaidie kwa pedeli za mikono, nisiiachie drili kazi yote. Tope likiingia, inateleza, kwa hiyo akakata debe akatengeneza kikinga tope. Mimi nilishona kifuniko cha turubai cha kuzuia mvua. Tulikuwa tukibishana kama watu wa kazi moja. Akisema haiwezekani, namuuliza kwa nini. Mara nyingine alikuwa na sababu, na mara nyingine hakuwa nayo.

Siku ya kupanda ilikuwa ya gulio, kusudi. Sikutaka kufanya jambo lile kwa kujificha. Wanaume wawili walikuja kama kawaida kuniuliza kama ninakwenda.

"Leo hapana," nikawaambia.

Fundi alivuta kamba. Jenereta likakohoa, likanyamaza. Akavuta tena likashika, na gulio zima likageuka. Nikabonyeza swichi. Drili ikalia nyuma ya mgongo wangu kwa sauti nyembamba iliyonipanda hadi kwenye meno. Nikashusha mpini. Baiskeli ikaondoka.

Niseme ukweli, haikuwa na mbio. Mtu anayetembea kwa miguu bila mzigo alinipita, akapita na mwingine aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu mitatu. Fundi alitembea pembeni na spana mfukoni, hata hakutoka jasho. Lakini ilikuwa haisimami. Penye mwinuko mkali niliongeza nguvu ya mkono, na mkono na umeme vikasaidiana, na ardhi ikaendelea kupita chini yangu. Tulipofika mahali pale ambapo niliachwa kwenye mvua, wale vijana wawili walitokea mbio kutoka kwenye migomba.

"Dada, tukusaidie!"

Mmoja alikuwa ameshashika nyuma ya kiti.

"Ondoa mkono," nikamwambia.

"Tunasukuma tu kidogo..."

"Ondoa mkono wako kwenye baiskeli yangu."

Akauondoa. Nilisikia uzito ukirudi, na drili ikalia kwa sauti nzito zaidi, na tukaendelea. Sijui kama aliwahi kukatazwa kitu na mtu kama mimi. Alibaki amesimama njiani, mikono imening'inia.

Kaka alitoka kwenye kibanja na panga mkononi niliposimama uani. Alilitazama jenereta. Hakunitazama mimi.

"Zima hicho kitu, ng'ombe wanaogopa."

Nililiacha liendelee kunguruma kidogo kupita ilivyohitajika, kisha nikalizima.

Haikupita wiki tatu nikaitwa kwenye kikao cha kijiji. Malalamiko yalikuwa kwamba ng'ombe wa mtu alikimbia akakanyaga maharage, kwamba moshi unaharibu maua ya kahawa, na kwamba mwanamke anayepita na mngurumo namna ile anavunja heshima. Hilo la ng'ombe lilikuwa kweli na nilikuwa nimeshamwomba radhi mwenye maharage na kumshonea suruali. Hayo mengine sikuyakubali. Kilichoniuma ni kwamba kaka alikuwa amekaa upande wa walalamikaji.

Mwenyekiti wa kijiji alianza kwa upole. "Dada yetu, sisi tunataka kujua. Hicho ni chombo cha moto au si chombo cha moto?"

"Ni baiskeli, mzee. Ina kengele."

"Inanguruma."

"Kinachonguruma ni mzigo. Baiskeli inakwenda kwa umeme."

Watu wakaguna. Akakunja uso. "Usifanye mchezo na kikao."

"Sifanyi mchezo, mzee. Malori ya kahawa yanapita barabara hii hii, yanatoa moshi, yanakimbiza ng'ombe na watoto. Sijasikia limeitwa kikaoni hata moja."

"Lori lina dereva."

"Na mimi ni nani?"

Akamtazama kaka, na kaka akasimama. Alisema maneno ambayo nadhani alikuwa ameyatunza muda mrefu. Alisema mimi ni mlemavu, nikianguka mlimani lawama ni yake, nikifa watasema alinitelekeza. Alisema hajanikataza kula wala kuvaa, kwa nini siwezi kutulia. Nilielewa siku ile kwamba hakuwa ananichukia. Alikuwa anaogopa, na alitaka nikae ndani ili woga wake upumzike. Nilimhurumia, lakini sikuwa tayari kukaa ndani kwa ajili hiyo.

Mwenyekiti akaamua nisitumie ile baiskeli ndani ya kijiji hadi nipate kibali kutoka wilayani, Kayanga.

"Nimesikia, mzee," nikasema. "Kayanga nitakwenda siku nitakayopata lori. Lakini kesho kutwa ni gulio, na gulioni nitakwenda, na nitarudi nayo ikinguruma. Atakayetaka kunizuia asimame mbele yangu. Breki ninazo."

Siku ya gulio nikaenda. Wakati wa kurudi, nilipoingia kijijini, mwenyekiti alikuwa amesimama kando ya barabara, mikono nyuma. Sikuzima. Nilipofika usawa wake nilipaza sauti juu ya jenereta, kwa adabu yote niliyofundishwa na baba:

"Shikamoo, mzee!"

Njia ya kutoitikia shikamoo haikuwepo.

"Marahaba," akasema.

Nikapita. Kibali hakikuulizwa tena, si siku ile wala baadaye. Kabla ya Krismasi mke wake alikuja kupima gomesi.

Nilipanda ule mlima kwa umeme misimu minne ya mvua. Siwezi kusema ilikuwa raha. Petroli ya chupa za Murongo mara nyingine ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa, na jenereta lilikufa kila kona. Nilikuwa nasikia mlio wake hata nikiwa kanisani. Drili iliungua mara mbili. Mara ya kwanza fundi aliisuka upya kwa waya mwembamba, kazi ya siku nyingi. Mara ya pili iliungua na moshi mweusi katikati ya njia, na nikamsimamisha mama mmoja aliyekuwa akirudi na tenga tupu, nikamwomba anisukume. Tulizungumza njia nzima, yeye na mimi, kuhusu senene waliochelewa mwaka ule na kuhusu binti yake wa sekondari. Sikuona aibu. Nilikuwa nimemwomba mwenyewe, naye alikubali mwenyewe.

Mara hiyo fundi aliniambia ukweli. "Hii drili imekwisha, dada. Nyingine sijui nitaipata lini."

Nilikaa pale mbele ya kibanda chake nikifikiri. Wateja wangu walikuwa Murongo. Fundi wangu alikuwa Murongo. Kitambaa nilinunua Murongo. Kule juu nilikuwa na kitanda tu. Pembeni ya kibanda cha fundi kulikuwa na chumba cha udongo, bati juu, mlango mpana. Mwenye nyumba alinitazama kwa mashaka akaniuliza nitaishi na nani. Nikamwambia nitaishi na cherehani.

Kaka alikataa. Alisema mwanamke hahami kwao bila kuolewa. Alisema mpakani ni mahali pa wahuni. Nikamwambia nimekuwa mpakani kila wiki kwa miaka na wahuni wananunua sare za watoto wao kwangu. Akatoka nje, hakurudi hadi nilipoondoka. Wifi ndiye aliyenifungia vyombo. Alikunja godoro, akafunga cherehani kwa blanketi lake mwenyewe, akaniambia kwa sauti ndogo, "Nenda." Lori la ndizi likanishusha na vyangu vyote, jenereta likiwa juu ya mikungu.

Watu walisema nimeolewa na yule Mnyarwanda. Sikuolewa. Alikuwa na mke wake kule kijijini Nyabiyonza na watoto sita, na tulikuwa jirani wazuri. Jenereta tulilitumia wote wawili, yeye kwa kulehemu redio, mimi kwa pasi ya umeme niliyoinunua ng'ambo, ya kwanza pale mtaani kwetu. Wateja walipenda mikunjo yake.

Miezi minane ilipita. Siku moja ya gulio kaka alitokea mlangoni, amebeba mkungu wa ndizi begani, jasho likimtiririka. Alikuwa amepungua. Nilikuwa nampima mwanamke wa ng'ambo, futi ya nguo shingoni na pini mdomoni. Kaka alisimama akisubiri nimwambie mahali pa kuweka mzigo. Nikamwonyesha kona kwa kidole. Akautua, akakaa kwenye benchi la wateja, kati ya watu wengine wawili waliokuwa wamefika kabla yake.

Nilimaliza kumpima yule mama kwanza.